Umeshamsalimia Yule Dresa?

Mama Kabula, mke wangu,

Umeshamsalimia? Nijibu hilo kwanza. Habari za afya sikuulizi, maana kwa hapo ulipo sidhani kama kuna jipya.

Neno lako la mwisho limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Ulikuwa umekataa hata uji. Kabula akakuinamia, akakuuliza, "Mayu, una neno lolote la kutuachia?" Watoto wote wakainama kusikiliza. Na mimi nikajisogeza, nikapangusa hata uso, nikijua sasa nitatajwa, mume wa ujana wako. Ukafumbua macho, ukatutazama mmoja mmoja, ukasema, "Nikifika nitamsalimia mtani wangu Ramadhani." Ukacheka kidogo, ukageukia ukuta.

Hebu nifikirie. Nimekaa pale na bakuli la uji mkononi, sijaachiwa hata "baki salama", halafu dresa wa hospitali, mfunga vidonda aliyekufa zamani, anapelekewa salamu kwa mkono. Watu walikuja kunipa pole, nikapokea, nikaitikia, lakini moyoni nilikuwa nagombana na marehemu wawili.

Ndiyo maana nimeona niandike. Wewe unaijua shule yangu: la kwanza nililipita, la pili nililimaliza kwa viboko, la tatu nililiona kupitia dirishani nikipita na ng'ombe wa baba. Herufi zikikupiga chenga, unisamehe. Nikimaliza nitakuja kuisoma barua hii kwa sauti hapo ulipolala, na majirani zako wakisikia, wasikie. Wajue wamempokea mtu wa namna gani.

Nianze na mgongo wako, maana ugomvi wote ulianzia hapo.

Mgongo ule ulikuwa wangu. Macho yako yalikuwa ya kila mtu, ulimkonyeza hata muuza chumvi. Mdomo wako ulikuwa wa kijiji kizima cha Samuye. Lakini mgongo nilikuwa naujua mimi. Ukitoka kupalilia pamba ulikuwa unalala kifudifudi juu ya mkeka, napasha samli, nakukanda kwa viganja hivi vilivyoota sugu za mgodini, na wewe unatoa amri kama nyapara: "Panda. Shuka. Siyo huko, mwizi wewe. Hapo. Hapo hapo." Hilo neno "hapo" nilikuwa nalingoja kuliko mshahara. Nikilisikia, najua nimefika.

Tatizo langu nilikuwa sikai. Mgodi wa Geita ulikuwa umenimeza. Nasukuma vigari vya mawe yenye dhahabu, dhahabu ambayo sikuwahi kuiona ikining'inia hata kwenye sikio lako, na nyumbani nakuja mara mojamoja, nakanda, nakula, naondoka. Ulikuwa ukinisindikiza mpaka njia panda na kuniambia, "Wewe ni mvua ya rasharasha, Baba Kabula. Unalowesha vumbi, mbegu hazijui kama ulikuja." Nilicheka. Nilidhani ni mapenzi.

Mwaka ule, enzi za mkoloni bado, pamba ilizaa mpaka watu wakakosa pa kuiweka. Mlikuwa mmesimama foleni kwenye kituo cha kuuzia, kamba ikakatika juu ya lori, gunia likaporomoka, likakupata kiunoni. Habari ilinifikia Geita kwa kinywa cha mtu wa Samuye aliyekuja kutafuta kazi. Hakunisalimu hata. Alisema, "Mkeo mgongo umevunjika. Miguu haisikii. Wamempeleka hospitali Shinyanga."

Nilitoka na nguo za tope. Lori, kivuko, gari moshi kutoka Mwanza, na njia nzima nilikuwa natazama viganja vyangu tu. Nikifika, nilisema, nitaukanda huo mgongo mpaka ujiunge wenyewe.

Kumbe nimechelewa. Ulikuwa umeshapasuliwa. Daktari mmoja Mzungu, mrefu mpaka akiingia mlangoni anainama kama anayeomba radhi, alikufungua mgongo akatoa kipande cha mfupa kilichokuwa kimeukalia mshipa wa fahamu. Haya niliambiwa na mpishi wa wagonjwa, jikoni. Kwa nini jikoni? Kwa sababu wodini sikuweza kuingia. Ndani alikuwamo mama yako.

Wajukuu wakisoma hapa watanicheka, lakini wewe unajua. Msukuma wa wakati ule na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakukaa chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani hata kama kichakani kuna fisi. Na mama yako alikuwa ameshatandika mkeka wake kando ya kitanda chako, ana sufuria yake, ana ugoro wake, ana nia ya kukaa. Basi mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikazunguka nyuma ya wodi, nikakaa chini ya dirisha lako, katikati ya ukuta na ua wa minyaa. Shule angalau niliiona kupitia dirishani. Wewe sikukuona kabisa. Nilikusikia tu.

Kwanza nilisikia ukilia. Walikuwa wanakupa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Ilikulaza kweli, lakini ukiamka unatapika, na kila ukitapika mshono unavutika, unalia upya. Nilikuwa nang'ata mkono wa koti langu. Wakati huo nilikuwa na huruma tu. Huruma ni kitu kizuri, haimchomi mtu tumbo.

Kisha nikasikia viatu. Krii, krii, krii, viatu vya ngozi vinavyolia sakafuni, na sauti ya mwanamume, Kiswahili chake laini kama kimepikwa kwa nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama yako akaitika.

"Na mke wangu je? Leo anamlilia nani?"

Nikasimama. Nikamkumbuka mama mkwe. Nikakaa.

"Mkeo tangu lini, mla nazi wewe?" Hiyo ilikuwa sauti yako, dhaifu kama uzi, lakini yako.

"Tangu babu zako walipokuja pwani na mizigo kichwani, wakanywa maji visimani kwetu Uzaramo, wakatuahidi mabinti wawe shukrani. Tumengoja, tumengoja. Nimeona nije mwenyewe kuchukua."

Ukacheka. Mtu mwenye mgongo uliofunguliwa na kushonwa, ukacheka mpaka ukasema "aii!" Na mama yako, yule mama ambaye sikuwahi kujua kama ana meno, naye akacheka.

Hapo nikajua nimekwisha. Angekuwa Mhaya, Mjita au Mkerewe, ningengoja atoke nimpige ngumi, nifungwe kwa heshima. Lakini Mzaramo! Mzaramo ni mtani wa Msukuma. Mtani anaruhusiwa kumwita mkeo mkewe, kuisema sura yako mbele ya watoto wako, kumkamata kuku wako akuambie umchemshie, na wewe ukinuna, aibu ni yako. Nikakaa pale chini, mila mbili zimenikalia kichwani: moja imenizuia kuingia, ya pili imenizuia kununa.

Kisha akaanza kukueleza dawa, na mimi huku nje nikasikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu.

"Daktari amesema mofini basi," alisema. "Alipokushona alikuachia mpira mwembamba kama unyasi. Ncha moja iko ndani karibu na mfupa, nyingine hii hapa nje, nimeibandika plasta. Nitakuwa napitisha dawa ya ganzi humu. Dawa zenyewe mbili, nazichanganya katika sindano moja. Hii ya kwanza ina haraka, kabla sijakunja kitambaa changu utaona maumivu yamekaa kando. Ila haina makazi, inaaga mapema. Hii ya pili inakawia. Unaweza kudhani imepotea njia. Lakini ikifika, imefika, inakaa mpaka kivuli cha nyumba kihame. Basi ya haraka inakushikilia mpaka mwenzake aje."

"Na hilo tone unaloongeza?"

"Hili linabana mishipa, damu isizibebe dawa zangu ikakimbia nazo."

"Kwa nini usinipe ya kukawia peke yake?" Wewe na maswali yako.

"Utanitukana kabla haijafika."

"Na ya haraka peke yake?"

"Itabidi uniite kila saa. Japo kuitwa na wewe sitachoka."

"Nitalala?"

"Hulali, mke wangu. Mofini inamlaza mtu mzima. Hii inalaza mgongo tu, wewe unabaki macho tuzungumze."

Tuzungumze! Mama Kabula, nimezunguka machimbo yote ya Geita, nimeuziwa dawa ya kupendwa, dawa ya kuona dhahabu chini ya mwamba, hata dawa ya kumfanya nyapara asahau. Sijawahi kusikia dawa inayolaza mgongo wa mke wa mtu ikauacha mdomo wake macho uzungumze na dresa.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ingeshindwa ningemsamehe. Sikumaliza hata kuvuta pumzi mbili tatu za hasira, nikasikia ukisema, "Eh!" kwa mshangao, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Ukaomba michembe, vile viazi vyetu vikavu. Wakakugeuza kama gogo, ukageuka bila kupiga kelele. Wakakuambia ukohoe, ukakohoa. Mambo yote ambayo jana yalikuwa yanakutoa roho, ukayafanya huku ukimsimanga Mzaramo kwamba kwao wanaume wanacheza ngoma na wanawake ndio wanaolima.

Kuanzia siku hiyo sikuwa mtu tena, nilikuwa sikio. Nilijua saa ya sindano kwa viatu vyake. Wewe ulivijua kunizidi. Viatu vikianza kulia mwisho wa wodi, unamwambia mama yako, "Anakuja!" na sauti yako inakuwa ya msichana wa kisimani. Mimi miaka yote nilikuja kwako pekupeku, hakuna aliyewahi kunisikia nikija. Nikaazima viatu vya mpishi, vikubwa kama mitumbwi, nikatembea navyo kwenye changarawe nje ya dirisha, krii, krii. Ukasema, "Anakuja!" Moyo wangu ukaruka. Mama yako akasema, "Siyo yeye. Huyo anachechemea."

Niliuonea wivu hata ule mpira. Umelala ndani ya mgongo wangu, kwenye joto, na mimi nimelala nje na mbu.

Nikasema, nitashindana kwa silaha yangu. Nikatafuta samli safi, nikaitia kwenye kikopo, nikampa mpishi akupelekee, pamoja na ujumbe kwamba mwenye mikono amefika. Aliyetoka na kikopo ni Ramadhani mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Nilitegemea kijana mzuri. Akatokea mtu mfupi, ana kitambi, sikio moja limejikunja kama jani la muhogo. Hiyo haikunisaidia kitu. Mke akichukuliwa na mwenye sura, angalau watu wanakuelewa.

"Mtani," akasema, "wewe ndiye mume mwenzangu?"

"Mume ni mmoja."

"Ndiyo nami nasema hivyo. Sasa wewe ni nani?" Akanusa kikopo. "Samli nzuri. Nitaitia kwenye wali. Mgongoni haiendi." Kisha akaacha kucheka. Alipoacha kucheka alikuwa mtu mwingine. "Ukikanda pale, mshono utafumuka. Na uchafu ukiingia kwenye ule mpira, tutamzika. Iweke mikono yako, mtani. Siku yake itafika."

Na wali akaula kweli. Mpishi aliniambia.

Asubuhi iliyofuata nikajiunga na mstari wa wagonjwa wa nje, nimejikunja kama jembe, nashika kiuno. Nilitaka na mimi nichomwe mchanganyiko ule, nijue una utamu gani unaomfanya mwanamke amsahau aliyemwoa kwa ng'ombe. Daktari akaniinamisha, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akanitazama macho, akamwambia Ramadhani neno kwa Kizungu. Ramadhani akafasiri kwa sauti ambayo hata wodi ya wazazi ilisikia: "Daktari anasema ugonjwa wa huyu bwana hauko nyuma, uko mbele. Apewe haluli."

Nilikunywa kikombe kizima cha hiyo dawa ya kuharisha nikiwa nimesimamiwa. Siku ile dirisha lako halikuwa na mlinzi. Mlinzi alikuwa chooni mpaka jua linazama, na kutoka huko alikuwa anakusikia unacheka. Sijui kama ulikuwa umeambiwa. Baadaye ulikana, lakini ulikana huku mabega yanatikisika.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Daktari alisema mpira lazima utoke, ukikaa sana unaita usaha, na wewe ni lazima usimame, ukilala sana miguu itasahau kazi yake. Mpira ukatolewa. Dawa ya mwisho ikakaa kwa muda wake, kisha nayo ikaaga. Na asubuhi hiyo hiyo wakaletwa watu walioumia ajalini, Ramadhani akaitwa chumba cha upasuaji. Viatu vikanyamaza.

Maumivu yakakurudia yote pamoja. Nilisikia ukianza kwa kunung'unika, ukapanda, ukapanda, ukafika pale ambapo mtu halii tena kwa aibu. Ukaita, "Ramadhani! Niitieni Ramadhani!"

Mimi nilikuwa umbali wa ukuta mmoja. Matofali tu. Ungeninyooshea mkono dirishani ungenishika nywele. Ukamwita mtu wa pwani. Nakwambia, wivu ulioniuma pale, dawa zote mbili za daktari zingechanganywa na ya tatu zisingeutuliza. Na katikati ya wivu huo kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilijua una haki. Yeye alikuwa akiitwa anakuja. Mimi nilikuwa nakuja nikijisikia.

Ndipo mama yako akasema. Hakusema na mimi, hilo halikuwezekana. Alisema na ukuta.

"Ukuta, nakuuliza. Kuna mtu amekaa upande wako tangu tufike, anakohoa tumbaku mbaya. Hebu muulize, ana mikono au hana?"

Nikaugeukia ukuta kwa nje. "Ukuta, mwambie mama, mikono ipo. Mila ndiyo iliyoifunga."

"Ukuta, mwambie mila haijawahi kuumwa mgongo. Anayeumwa ni mwanangu."

Ndani nikasikia nguo ikivutwa, mtu anajisogeza kwenye kona.

"Ukuta, mwambie nimejifunika kaniki kichwa mpaka miguu. Mimi sasa ni gunia la mtama. Gunia halina mkwe."

Nikaingia. Nilipita nikitazama miguu yangu, na kwenye kona nikaona kweli gunia jeusi, gunia ambalo lilipiga chafya ya ugoro, nami nikajifanya sikusikia. Halafu nikakuona. Umekonda, midomo imepasuka, jasho limekulowesha. Nilikuwa nimetunga maneno siku zote zile chini ya dirisha. Ukanitazama, ukasema, "Umetoka wapi na miguu michafu hivyo?"

"Geita."

"Hujaoga tangu Geita?"

"Nilikuwa na haraka."

"Kama kawaida yako," ukasema, na machozi yanakutiririka. Kisha ukageukia ukuta, taratibu, kama gogo, ukanipa mgongo. "Usikande. Weka mkono tu. Siyo huko, huko ndiko kwenye mshono. Shuka. Pembeni. Hapo."

Sidai kwamba mkono wangu ni dawa. Hukuacha kulia. Nilikuwa nahisi maumivu yanapita chini ya kiganja changu kama kigari kwenye reli. Lakini hukumwita Ramadhani tena. Hilo nalidai, na nitalidai mbele ya yeyote huko ulipo.

Alikuja mbio baadaye, jasho linamtoka, sindano iko tayari mkononi. Akaniona, akaliona gunia, hakuuliza kitu. Akakuchoma kuzunguka mshono, hapa na hapa na hapa, mchanganyiko uleule. Tukangoja. Akakunja kitambaa chake. Ukasema, "Eh."

"Sasa simama," akasema, "kabla ile ya haraka haijaondoka na ya kukawia ikiwa njiani. Mtani, shika kwapa lile. Mimi nashika hili."

Tukakuinua. Miguu ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. "Taratibu, wajinga nyinyi!" sauti ikatoka kwenye kaniki. Ramadhani akasema, "Jamani, gunia limesema!" na wodi nzima ikaangua kicheko, wagonjwa, wauguzaji, hata gunia likatikisika. Wewe ukasimama. Ukasimama wima katikati yetu, ukamtazama huyu, ukamtazama huyu, ukasema, "Basi. Mmoja wa haraka, mmoja wa kukawia. Nimepata mchanganyiko wangu."

Nikakuuliza pale pale, "Mimi ni yupi?"

Ukacheka.

Ramadhani alicheka zaidi, na mimi kicheko chake nimekibeba tangu siku hiyo. Tulipofika nyumbani nilikuuliza tena. Nilipoacha mgodi mwaka uleule nikarudi kulima na wewe, watu wakasema vumbi la Geita limenishinda. Vumbi gani! Nilitaka kuwa wa kukawia. Nikashika jembe, nikakuchotea maji wanaume wenzangu wakinicheka kisimani, nikaukanda mgongo pembeni ya kovu msimu kwa msimu, na kila nikikuuliza, "Sasa mimi ni yupi?" unajibu, "Bado nachunguza."

Na yeye hakupotea, mshenzi yule. Kila akipata likizo anakuja Samuye, krii, krii mpaka uani, "Mke wangu yupo?" anakamata kuku mwekundu, wewe unamchinjia. Tukaenda naye mpaka mnada wa Mhunze, watu wakauliza yupi mwenye mke, akawahi kujibu. Alipokufa, nilikwenda msibani kwake kufanya kazi ya mtani. Nilijilaza mlangoni mbele ya jeneza, nikatangaza kwamba haondoki mpaka aseme ni nini alikuwa akimnong'oneza mke wangu siku nilipokuwa chooni. Waombolezaji walicheka mpaka wakashikana. Wewe ulikuwa na wanawake, umetia pindo la khanga mdomoni, machozi yanatoka, mabega yanatikisika. Nilikutazama sana siku ile. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unacheka au unalia, na ukitaka nikwambie kweli, vyote viwili viliniuma.

Sasa turudi kwenye siku yako ya mwisho. Ulipomtaja yeye mbele ya watoto, ukageukia ukuta, nilidhani umemaliza na mimi. Nikaweka bakuli chini. Mkono ukaenda wenyewe, haukuniuliza, ukashika pale chini ya kovu. Watoto walikuwa wameanza kunong'onezana mambo ya nani aitwe, nani asubiriwe. Ukasema kwa sauti ndogo, Kabula hakusikia, "Siyo huko." Nikashuka. "Hapo," ukasema.

Baada ya hapo hukusema tena kitu. Neno hilo sijamwonyesha mtu. Nimelificha kama mchimbaji anavyoficha punje ya dhahabu chini ya ulimi, anapita getini huku anamwitikia askari kwa kichwa tu.

Lakini bado nina wivu, usijidanganye. Yeye alitajwa mbele za watu, mimi nikanong'onezewa ukutani. Basi msalimie. Mwambie akae kwenye kigoda, siyo kitandani. Mwambie sikio lake bado ni baya hata akiwa peponi. Mama yako mpe shikamoo yangu, umwambie kama mila huko zimefutwa, natamani siku moja niione sura yake, maana nimemjua kwa sauti na kwa chafya tu. Wabeja, asante sana, umwambie, kwa siku ile.

Na kama mgongo unakusumbua huko, na viganja vyangu bado viko huku, sitakuwa na roho mbaya. Mwache Ramadhani akuchome. Ila ile ya haraka tu. Ile ya kukawia iko njiani.

Ni mimi mumeo, wa haluli,
Baba Kabula